Shamba Langu Limelimwa, Uchaguzi Umekwisha

Alhamisi, mchana. Mvua imekata, jua linachungulia kidogo halafu linarudi ndani.

Nina tope mpaka magotini na sijisikii kwenda kuoga. Nimekaa kibarazani, miguu nimeinyoosha, simu mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu kampeni zianze nimekula ugali nikasikia ladha yake. Shamba langu limelimwa. Lote, mpaka kule kwenye kichuguu ambako mwaka jana tulishindwa tukaacha.

Naandika tena kwa sababu ni raha kuandika.

Shamba langu limelimwa.

Kwa aliyeingia humu leo kwa bahati mbaya: mimi ni Mama Kulwa, mama wa mapacha, mkulima wa jembe la mkono, na kiangazi nauza stendi karanga na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Mume wangu anachimba dhahabu kwenye maduara, yaani mashimo, ya watu kule upande wa Bulyanhulu, anakuja nyumbani akipata nafasi. Tunaishi kwenye kimji cha barabarani, ukishaiacha Tinde unaendelea tu, malori yatakuonyesha. Jina la mji silitaji. Ni mdogo mno, nikiutaja nimejitaja.

Mji wetu una juu ya barabara na chini ya barabara. Wa juu wanapigia chama kimoja, wa chini wanapigia kingine. Imekuwa hivyo tangu niolewe na ilikuwa hivyo kabla sijaolewa. Mwaka huu walipita vijana wa redio na vinasa sauti vyao wakiuliza watu kwa nini. Wa juu wakasema ni suala la maji. Wa chini wakasema ni bei ya pamba. Vijana wakatikisa vichwa, wakashukuru, wakapanda gari. Mimi nilikuwa napima karanga nikajisemea, haya, nendeni, mmeshalishwa matango pori.

Ukweli ni kwamba hapa watu wanapiga kura kwa ngoma.

Nieleze, maana mtu wa mbali hawezi kujua. Sisi Wasukuma tuna pande mbili za ngoma, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno zinashindana uwanjani, kila moja na watunzi wake, dawa zake na matusi yake, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mtu anazaliwa kwenye ngoma ya babu yake. Juu ya barabara ni Wagalu, chini ni Wagika. Marehemu baba mkwe alinisimulia akicheka mpaka anakohoa: vyama vingi vilipoingia, mkubwa wa ngoma wa Wagika alitangulia kuchukua kadi ya chama kimoja. Mkubwa wa Wagalu akasikia. Akasema, mimi na yule tubebe kadi ya rangi moja? Thubutu! Akaenda akachukua kadi ya chama kingine, na upande mzima ukamfuata. Sera zilikuja kusomwa baadaye, na waliozisoma ni wachache.

Sasa mimi nimezaliwa chini, nimeolewa juu. Kila uchaguzi ukija watu wananitazama mdomo. Mama mkwe alikuwa akinipa kadi, mama yangu mzazi naye ananipa yake, nikawa nazo zote mbili kwenye sanduku moja chini ya vitenge. Zimelala pamoja miaka yote na hazijawahi kugombana.

Safari hii waliogombea uenyekiti wa kitongoji walikuwa wawili. Wa juu ni Mzee Nkwabi, baba mdogo wa mume wangu, ambaye kiti kile amekikalia mpaka kimeshika umbo lake. Wa chini ni Mama Limi.

Mama Limi! Nimecheza naye mdako. Tumechunga mbuzi pamoja, tumechapwa pamoja kwa kuwapoteza hao mbuzi. Yeye ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha wanawake cha kulima kwa zamu, ambacho kina watu wa juu na watu wa chini bila kubagua, kwa sababu jembe la mkono halina ngoma. Leo tuko kwako, kesho kwa mwenzako, mpaka tuzunguke wote. Mwenye shamba anapika, wengine wanalima. Bila kikundi hicho mimi, mume akiwa machimboni, nitalima nini peke yangu? Kitanda cha mchicha.

Na hapo ndipo mdomo uliponiponza.

Mume wangu, pamoja na uchimbaji wake, ni ningi. Ndiyo tunavyomwita mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma. Ni wa Wagalu, kama baba yake. Kampeni zilipopamba moto Mzee Nkwabi akamwita kutoka machimboni aje apige ngoma kwenye mikutano. Akaja, nikafurahi, mume wangu yuko nyumbani. Nikapika. Tukala. Na katika kula, kama mke yeyote anavyozungumza na mumewe, nikalalamika. Nikasema, huyu Mama Limi nampenda lakini ana jambo moja linaniudhi, kila mwaka zamu ya kwanza ni yake. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi tu, majembe yote kwake.

Basi. Niliyasema hayo huku natoa mwiba kwenye samaki.

Jamani, usimlalamikie ningi wakati wa kampeni. Mpe chakula, mpe maji ya kuoga, mzungumzie habari za ng'ombe. Malalamiko peleka kwa shemasi.

Siku ya pili yake nimekaa stendi nasikia ngoma inashuka na barabara. Nikainua shingo nimwone mume wangu alivyopendeza na manyoya yake. Kisha nikasikia maneno. *Mama Zamu, Mama Zamu, jembe la kwanza lako, la mwisho letu.* Watu wanacheka, wanapokea, watoto wanarukaruka. Jambo lile la zamu halijulikani nje ya kikundi. Kila mwanamke wa kikundi aliyesikia wimbo ule alijua papo hapo umepikwa jiko la nani.

Nilimsubiri nyumbani nikiwa nimeshika kiuno.

"Baba Kulwa, umeniua."

"Wimbo umeshika, Mama Kulwa," akasema, anavua njuga, uso unang'aa. "Hujasikia walivyoupokea?"

Mwanaume akishasifiwa wimbo wake hana masikio tena. Nilimwambia aubadilishe. Akaniambia wimbo ulioshika haubadilishwi, ukiubadilisha unakufa, na wimbo ukifia mikononi mwa ningi ni mkosi. Nikamjibu mkosi wa nani, wako au wangu? Akaenda kuoga.

Mama Limi hakuja kunigombeza. Hilo ndilo lililonitesa. Angenitukana ningemtukana, tungemaliza. Lakini tulipokutana kisimani alinisalimia, "Mwangaluka, Mama Kulwa," kwa jina la heshima na sauti ya kanisani, akabeba ndoo yake akaondoka. Tangu utotoni ananiita Ng'washi. Nilisimama pale mpaka ndoo yangu ikafurika.

Halafu yakatokea maajabu. Wimbo uliotungwa ummalize ndio uliompa kura.

Ni hivi. Wanawake wa juu, hawa hawa Wagalu, waliucheza ule wimbo wiki nzima, wakauimba wakitwanga, wakauimba wakifua, na katika kuuimba wakaanza kuufikiria. Mama Zuhura, mwenye duka la khanga, ambaye wazazi wake walikuja hapa kutoka Tabora na hana ngoma yoyote, ndiye niliyemsikia mwanzo akisema: "Mimi nikitazama, mtu anayejua kujiwahisha mwenyewe ndiye atakayetuwahishia bomba la maji. Mzee Nkwabi toka lini amewahi kitu?" Watu wakacheka. Ila wengine hawakucheka, walinyamaza, na ninyi mnajua mwanamke akinyamaza mbele ya duka la khanga kuna jambo anapiga hesabu.

Kura zikahesabiwa, Mama Limi akashinda. Kwa kura chache, lakini ushindi ni ushindi. Kwa mara ya kwanza tangu mji uwe mji, watu wa juu wamemchagua mtu wa chini.

Mimi nilimpigia nani? Hilo sitaliandika hata hapa. Kura ni siri, na mimi siri moja nilishaitoa ikanitosha.

Tangu hapo nikawa sina upande. Chini wananiona msaliti, nimemuuza mtoto wa nyumbani kwa sahani ya samaki. Juu ndio kabisa. Mzee Nkwabi alinitumia ujumbe kupitia kwa mkewe kwamba mkamwana amewapigia kura ndugu zake, na maneno ya wimbo nilimpa mume wangu makusudi ili yammalize yeye Mzee. Makusudi! Yaani mimi nilikaa nikapanga vita ya hivyo huku natoa mwiba kwenye samaki. Nilienda kumwamkia. "Shikamoo baba." Akaitikia marahaba akiwa amemtazama mbuzi. Nilipofika kwenye suala la ng'ombe wake wa kulimia, ambao kila mwaka hutuazima siku moja, akasema mwaka huu wamechoka.

Wamechoka na nini? Walikuwa wanagombea?

Mume wangu, matokeo yalipotoka, akachukua begi lake akarudi machimboni. Alisema duara limefika kwenye mwamba mzuri. Sawa. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nikabaki na wanangu, jembe langu na mawingu.

Na mvua ikaanza.

Asiyeishi Shinyanga hajui maana ya mvua ya kwanza. Hapa hatuna mvua ya kuchezea. Inakuja, inakuuliza, uko tayari? Kama hauko tayari inaenda zake, na mwakani watoto wako wanakula kwa jirani. Shamba langu lilikuwa na magugu makavu na udongo mgumu kama sakafu. Zamu zilipangwa kabla ya kampeni: jana ya Mama Limi, ambaye hakuwasha moto, na leo Alhamisi yangu. Toka uchaguzi upite kikundi hakijakutana. Hakuna aliyesema kimekufa na hakuna aliyesema kiko hai.

Utaniambia, si ungewauliza? Hapana. Kwetu mwenye zamu hapiti nyumba kwa nyumba kuwaita watu. Ukiita ni kama unadai, na mtu akija kwa kudaiwa huyo si mwenzako, ni kibarua. Wewe unapika tu. Watu wakiona moshi wa jiko kubwa alfajiri wanajua, wanakuja. Au hawaji, na unabaki na sufuria limejaa, na mji mzima umeuona moshi wako.

Jana kutwa nzima nilikuwa nawaza sufuria. Nisipopika, nimekivunja kikundi mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nikipika wasipokuja, nitaificha wapi sura? Nilifikiria nipike kidogo, nijifanye ni chai ya kawaida ya nyumbani. Kisha nikajionea aibu. Nikaloweka michembe yote, nikachambua maharage, na yule jogoo niliyemtunzia Krismasi nikamwambia, "Pole baba, uchaguzi una mambo."

Leo nimewasha moto kukiwa bado giza. Kuni zilikuwa na unyevu, moshi ukapanda mnene kuliko kawaida, nikasema haya, Mungu naye ameamua kunitangaza. Nikachukua jembe nikatangulia shambani, kwa sababu kusubiri mlangoni nilishindwa. Nikaanza kulima peke yangu. Nalima naomba, naomba nalima. Sikuinua kichwa. Nilijiambia nikifika kwenye mti wa mwisho nitatazama barabarani, nikafika sikutazama, nikageuza mstari mwingine.

Nilichosikia kwanza ni wimbo.

*Mama Zamu, Mama Zamu.*

Haki ya Mungu nilidhani wamekuja kunizomea. Nikainuka, jembe mkononi. Wanakuja kwa msururu kwenye njia ya mpakani, khanga wamezifunga kiunoni, majembe begani, wa juu na wa chini wamechanganyikana, na anayeimbisha mbele ni Mama Limi mwenyewe. Anaimba kwa sauti yake yote ile mistari ya kumtukana yeye. Wenzake wanampokea. Akafika, akatema mate mikononi, akashika jembe.

"Ng'washi," akaniambia, "mumeo ni mshenzi. Lakini wimbo wake unalimika."

Na kweli unalimika, jamani. Una mdundo wa jembe ule. Inua kwenye "Mama", shusha kwenye "Zamu". Tumelima nao asubuhi nzima, tukichoka tunacheka, tukimaliza kucheka tunauanza upya. Jua lilipoanza kuchoma tulikuwa tumeshapita kichuguu. Mke wa Mzee Nkwabi alikuja amechelewa, hakumsalimia mtu, akaanzia upande wa kule peke yake. Baadaye kidogo nikamsikia naye anaitikia, kwa sauti ndogo. Mzee mwenyewe bado amenuna. Mwache anune, ng'ombe wake wapumzike na siasa.

Wakati wa kula nilitaka kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu jana, maneno mazuri kabisa. Nikafungua mdomo nikaanza kulia badala yake, pale pale nimeshika upawa. Mama Limi akaninyang'anya upawa akaanza kupakua yeye.

"Usinililie kwenye mchuzi," akasema. Halafu akasema taratibu, nisikie mimi tu: "Mimi nilikukasirikia, sikufichi. Nilikukasirikia mpaka nikawa silali. Nikajiuliza, leo nikifa ni nani ataingia ndani kuniosha? Nikaona ni wewe. Sasa nitagombana vipi na mtu atakayeniosha?"

Nilimpa paja la jogoo.

Baba Kulwa amepiga simu sasa hivi kutoka machimboni. Hakuuliza moja kwa moja, alizunguka kwanza, watoto hawajambo, mvua imefika huko, mbuzi je. Mwishowe akauliza, "Walikuja?" Nikamwambia walikuja. Nikasikia anashusha pumzi ndefu, na nikajua kumbe naye huko shimoni alikuwa halali usingizi. Akasema, "Wabeja, Mungu," asante kwa Kisukuma. Nikamwambia na Mama Limi amekuita mshenzi. Akacheka, akauliza kama amesema lolote kuhusu wimbo. Wanaume!

Lakini kuna jambo halijanitoka, na ndilo lililonifanya nikae hapa na tope langu badala ya kuoga.

Walipokuwa wanaondoka Mama Zuhura aliuliza zamu zinaendaje sasa. Mama Limi akasema zinaendelea kama zilivyo, isipokuwa yeye, maana mwaka huu amejipanga wa mwisho kabisa, mume wa Ng'washi akose wimbo. Watu wakacheka sana. Mimi nikacheka kuliko wote.

Nimekuja kuacha kucheka nikiwa naosha sufuria. Shamba la Mama Limi liko mbugani, kule bondeni. Udongo mweusi ule, ukishanyeshewa mvua mbili tatu unashika jembe halitoki, na baada ya hapo ni maji mpaka kwenye vifundo. Haliwezi kulimwa mwisho. Halijawahi kulimwa mwisho, ndiyo sababu siku zote limekuwa la kwanza, tangu enzi za mama yake. Sote tunajua. Mimi nilijua hata wakati ule nalalamika. Na yeye anajua kuliko sisi sote, na bado amejiweka mwisho akatuchekesha, kwa sababu sasa ni mwenyekiti wa watu wa juu na wa chini na hataki aanze kwa kusemwa.

Mawingu ya upande wa Kahama ni meusi tii.

Kwa hiyo nimepiga simu. Zamu ya kesho ilikuwa ya Mama Zuhura. Nilipomweleza hakuniacha nimalize, akasema shamba lake liko mlimani, linaweza kungoja. Nikawapigia wengine, mmoja baada ya mwingine, wa chini kisha wa juu. Nimempigia hata mke wa Mzee Nkwabi. Akaniuliza tunaondoka saa ngapi.

Mama Limi hajui. Hatawasha moto, hatapika, kesho atatoka nje kusukutua kinywa atukute tuko shambani kwake tumeshaanza. Chakula tunaenda nacho sisi.